Mche Wangu Kwenye Matangi ya Maziwa

Jumatatu, 4 Machi

Kikao kibaya. Programu yetu huria imeundwa kwa vipande: kila kimoja kina kazi yake, kinachomekwa na kuchomolewa, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bure. Kipande kipya hakiingii hivi hivi. Kwanza hulelewa kitaluni, ndivyo tunavyoita sehemu ya majaribio, mpaka Mama Kitalu, mkuu wetu, aseme kimekomaa. Changu kiko huko tangu mwaka juzi. Kazi yake ni kubadilisha kipande kingine bila kuzima mfumo. Ajabu tupu!

Leo Mama Kitalu akasema, kwa upole wake ule unaouma, kwamba hakuna mtu nje ya ofisi anayekitumia. Asipopatikana kufikia Ijumaa, kitang'olewa. Kisha akamsifu Miwani, mwenzangu wa meza ya dirishani. Kipande chake hurudisha mambo yalivyokuwa pale mabadiliko yanapokwenda kombo. Kazi ya waoga. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Shemeji, kaka wa mke wangu, ana kiwanda kidogo cha maziwa. Mashine ya kupoza matangi inaongozwa na programu yetu. Nikimwomba atakataa, hajasahau geti la umeme nililomtengenezea, likamfungia nje siku ya harusi yake. Basi sitamwomba. Mtumiaji ni mtumiaji, hata asipojua anatumia.

Mke wangu akauliza mbona nimechangamka. Nikasema nimewakumbuka ndugu zake, kesho nitamsalimia kaka yake. Akanitazama sana.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kanipokea vizuri, masikini. Alipotoka kupokea maziwa ya wafugaji, nikaketi kwenye kompyuta ya chumba cha mashine, nikaweka kipande changu, nikakiamuru kibadilishe kile kinachosoma joto la matangi, kiweke toleo jipya. Cha zamani kikatoka. Kipya hakikuingia. Mashine ikanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Jasho la wafugaji wote wa eneo lile limo mle matangini! Nikabonyeza kila kitu. Joto likapanda. Nikaanza kuiaga ndoa yangu moyoni. Mara mashine ikakohoa, ikanguruma, joto likashuka. Kwa nini? Sikuuliza. Nikakaa sakafuni. Shemeji aliporudi nikamwambia napumzisha mgongo. Akanipa bilauri ya maziwa baridi. Sijawahi kunywa matamu kama yale.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetafakari. Kipande kilibabaika kidogo, kisha kikajirekebisha chenyewe. Hicho si kipaji? Nimemwandikia Mama Kitalu: kiwanda kizima, mafanikio makubwa. Nimempita Miwani kwenye korido kana kwamba ni nguzo.

Ijumaa, 8 Machi

Nikaeleza kikaoni kwa madaha. Miwani akaomba kuongeza neno. Kumbe mke wangu alimtonya kaka yake kwamba nakuja, na shemeji, anayenijua, akapiga simu ofisini kwetu kuomba msaada, akaunganishwa na Miwani. Asubuhi ya Jumatano, kabla sijafika, kipande cha Miwani kilikuwa kimeshawekwa pale kiwandani. Ndicho kilichokirudisha kile cha zamani kazini. Shemeji alijua yote, na bado akaninywesha maziwa!

Nikasubiri kufukuzwa. Mama Kitalu akamgeukia Miwani.

"Maziwa yaliharibika?"

"Hata tone."

Akanigeukia mimi. "Basi chako kibaki kitaluni. Mche haukui kwa kuvutwa majani, mwanangu. Na ukitaka kujaribu kitu cha mtu, omba kwanza."

Nikapumua kama aliyeopolewa kisimani. Nikamshukuru hata Miwani, na kutoka moyoni. Jioni shemeji akapiga simu. Akasema nisiwe mgeni, nipite wakati wowote, ila ile kompyuta sasa inakaa ndani ya kabati la chuma. Tukacheka wote. Mke wangu alicheka zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka mtu mpya, mwepesi kama pamba. Mali ya mtu siigusi tena bila kuomba.

Niliposhuka kununua mkate nikamkuta fundi wa lifti ya jengo letu. Kumbe nayo inaendeshwa na programu yetu! Nikamwomba ruhusa, kwa adabu zote. Akakataa. Lakini nimeomba. Mama Kitalu alisema niombe, hakusema nikubaliwe.

Fundi anaondoka adhuhuri. Mama mkwe anawasili alasiri, na sisi tunakaa ghorofa ya juu kabisa. Hatimaye, mtumiaji wa kweli.