Moyo wa Tantine Émérence, Mara Mbili

Jumanne, 12 Agosti
Furaha! Papa Ruffin, muuguzi wa kituo cha afya, anatafuta msaidizi wa kupima mioyo. Waombaji wawili: mimi na Emmanuella, aliyekaa dawati la mbele darasani miaka yote. Sharti: kila mmoja wetu amrekodi mtu wake mara mbili, akiwa ametulia, na vipimo vikaribiane. Kumbe moyo wenye afya haupigi kama saa! Nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika, na tofauti hiyo ndiyo tunayopima. Nikikosa, nitauza makaa na Tantine, shangazi yangu, sokoni Kikula!

Jumatano, 13 Agosti
Tantine Émérence amekataa kulala mchana. Eti majirani watadhani amekufa, waje kulia matanga. “Na sombe itajitwanga yenyewe?” Wazo! Nikambandika nyaya za mashine ya Papa Ruffin kifuani huku anatwanga majani hayo ya muhogo. Namba kubwa ajabu, kama ya kijana! Tantine akautangazia uwanja mzima: “Miye iko na moyo ya kijana!”

Alhamisi, 14 Agosti
Balaa! Nimempima akila bukari, ugali wetu, kwa pilipili: namba ndogo. Kumbe jana mashine ilihesabu mitikisiko ya mikono kama mapigo. Emmanuella akapita, akasema bibi yake alilala kimya na vipimo vyake vinafanana. Akanishauri nipime mbuzi.

Lakini wazo la pili ni bora zaidi! Kwa nini nirekodi tena? Nimenakili rekodi ya leo. Sasa vipimo viwili havitofautiani hata chembe! Nani amewahi kufikia uhakika huu?

Ijumaa, 15 Agosti
Papa Ruffin aliweka michoro miwili sambamba. Akacheka mpaka akavua miwani. “Weye mutoto, uyu mama alikohoa mara mbili, fasi ileile?” Pilipili ya jana! Emmanuella amepata kazi. Papa Ruffin akalainika: rekodi mbaya ya kweli inarekebishika, mapigo ya uongo yanaondolewa, ya kunakili haifai kitu. Anahitaji msaidizi wa pili. Nirudi Jumatatu na mtu mwingine, mara mbili kwelikweli.

Jumamosi, 16 Agosti
Nafasi ingali wazi! Nimetafakari sana maneno yake, na kosa langu nimeliona: nilinakili mtu anayekohoa. Jirani yetu Papa Augustin hakohoi kabisa. Nitamrekodi kesho baada ya misa. Mara moja inatosha!