Pete za Mwanga Kichwani Mwangu

Jumatatu, 20 Novemba 1961

Daftari langu, hujambo? Afya yako? Leo nimesafisha picha yangu mwenyewe, ile ya kuning'iniza studio kwa ajili ya Uhuru. Kichwani pete za mwanga! Moja ndani ya nyingine, kama watakatifu wa ukutani kanisani. Nusura nitumbukie kwenye karai la dawa. Na Jumapili wazee wa kanisa wanachagua mbeba msalaba wa maandamano ya Misa ya Uhuru. Mayala, fundi cherehani, anautaka msalaba huo. Je, Mayala ana pete?

Jumanne, 21 Novemba

Nimewaonyesha wazee. Mmoja kavua kofia. Mke wangu Teodora hakushtuka. Kasema, "Baba Odeta, watakatifu hawakoromi." Wivu tu.

Alhamisi, 23 Novemba

Balaa. Nimekuza picha ya Mayala: pete, tumboni. Nimeificha chini ya godoro. Mara Luhaga, mfugaji, kaja kuchukua picha ya dume lake, nami nikampa bila kuitazama. Pete tano, safi kuliko zangu, matakoni mwa ng'ombe! Kaizungusha soko zima, anauliza dume libatizwe lini.

Jumamosi, 25 Novemba

Padre kaja studio. Zamani alifundisha sayansi seminari. Nilingoja fimbo ya maneno; yeye kaomba vile vioo viwili vinavyobana filamu kwenye mashine ya kukuzia picha. Kavibana pamoja dirishani. Pete zilezile, ila za rangi, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi! Kumbe mwanga unaorudi toka kioo cha juu hukutana na unaorudi toka cha chini. Ukipatana, unang'aa. Ukigombana, giza. Mwanga juu ya mwanga, halafu giza! Anasema mafundi wa miwani huzitumia pete hizo kukagua vioo vyao.

"Ngosha, mwanamume wewe," kasema polepole, "pete hizi hazipimi utakatifu. Zinapima kioo kilichopinda."

Kaniagiza nivitupe.

Jumapili, 26 Novemba

Mayala kachaguliwa. Wazee wote, hata yule wa kofia. Nimeungama, nimesali rozari nzima.

Vioo sikuvitupa. Nimevifunga ndani ya kanga ya Teodora. Maana nimegundua jambo: nikivibana pembeni kwa kidole gumba, pete zinahama. Na Alhamisi Kuu Padre atachagua wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu. Unaonaje, safari hii pete nizipeleke miguuni? Tafadhali nijibu upesi.