Bila Shaka, Mzee Elisaria

Jumatano, 11 Juni 2025
Nimepata dawa! Yuditha amesema baba yake, Mzee Elisaria wa Machame, hapendi mwanaume wa kusitasita. Basi Fredy kwisha habari yake! Jirani yao huyo anamtaka Yuditha kama mimi, ila kila sentensi huianza na "labda". Mimi kila swali nitajibu "bila shaka". "Labda" huacha mlango wazi. "Bila shaka" hufunga na kumeza ufunguo. Kweli, fundi wangu wa viatu hulitumia neno hilo kumaanisha wiki ijayo, lakini hulisema vizuri. Mama ameuliza kama ninaongea peke yangu. Bila shaka!

Jumamosi, 14 Juni
Nimepanda Machame bila kumwambia Yuditha. Matope, kwa hiyo buti za mvua. Nikamwamkia mzee shikamoo ya nguvu. Akaitikia, kisha akaporomosha Kichagga! Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Soweto. Kichagga changu kinaishia kwenye mtori, ile supu ya ndizi. Nikasema bila shaka. Akauliza tena. Bila shaka, mzee! Akanishukuru sana, akanivuta hadi zizini. Fredy alikuwepo, ameleta majani. Akaninong'oneza kwamba mzee ameniuliza kama mimi ndiye daktari wa mifugo, na kama nimeshazalisha ng'ombe wengi.

Ng'ombe amelala, anakoroma kwa uchungu. Akifa, Yuditha basi tena. Mzee akauliza, kwa Kiswahili sasa, tufanyeje. Fredy akasema labda tumwache kidogo ajisukume mwenyewe. Bila shaka! Sijawahi kukubaliana na mtu kwa moyo wote hivyo. Nikafumba macho, nikasali.

Puu! Ndama jike, mzima! Nimelia mbele ya Fredy. Sijali.

Jumapili, 15 Juni
Nimemsimulia Yuditha, naye amemweleza baba yake ukweli wote. Nilijua nimekwisha. Kumbe mzee amecheka mpaka akapaliwa! Amesema nije na wazee wangu, ila kwanza nijifunze Kichagga. Ah, kifua chepesi! Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 16 Juni
Mzee amepiga simu. Kichagga tupu, furaha tele. Nimemjibu kwa sauti nzito, mara tatu. Kisha nikampigia Fredy, anitafsirie nilichokisikia. Amesema labda ni fahali wa jirani mwingine. Anahasiwa Jumamosi, na labda mimi ndiye wa kumshika pembe.

Akaniuliza kama nitaweza.

Bila shaka.