Mashine ya Kupunguza

Jumatatu, 15 Januari 1996

Nimepata! Nimepata! Mwandiko mbovu, nivumilie, daftari.

Nilikwenda stoo ya misheni kuomba misumari. Nikatoka na kitabu cha kilimo kilicholiwa na mchwa. Ukurasa wa 61: mashine ya zamani ya Marekani, ya kupunguza miche ya pamba! Gurudumu, majembe madogo manne, nyumbu mbele, mzungu mwenye kofia nyuma. Inapita juu ya mstari, majembe yanazunguka, kila futi yanakata. Mtu hainami! Mzungu wa kwenye picha anavuta kiko!

Mimi Bartolomeo, karani wa stoo ya serikali miaka kumi na tisa, nilipunguzwa kazini Juni mwaka jana. Ndilo neno lao. Si kufukuzwa, kupunguzwa. Barua ya mistari mitatu, na jina langu wamelikosea. Tangu siku hiyo jirani yangu Rupert, ambaye bado yumo ofisini na tai yake, ananisalimia kwa sauti ya msibani. Pole, Bwana Bartolomeo. Kila asubuhi! Sasa atanitambua. Aliyepunguzwa ndiye atakayepunguza!

Nimemweleza mke wangu Fausta. Ameniuliza kama nimekula. Kisha akanikumbusha kwamba ekari ile ya pamba ni yake, kaipanda yeye, na tangu mshahara wangu ukome ndiyo shule ya binti yetu Leticia na ndiyo chumvi ya nyumba hii. Kaipanda kwa mguu: kisigino, kidole, shimo. Mbegu tano kila shimo. Sasa imeota, inabanana, lazima ibaki miche miwili miwili kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mwaka huu hakuna pamba.

Nikamuuliza shimo hadi shimo ni umbali gani. Futi moja, akasema. Futi moja! Sawasawa kabisa na mashine! Kama vile yule mzungu alikuja huku kwetu Lilambo kumpima Fausta mguu.

Jumatano, 17 Januari

Kwa Fundi Sefu, mchomeleaji, tangu asubuhi. Umeme umekatika mara tatu. Nimetoa baiskeli yangu ikatwe. Roho iliniuma, lakini maendeleo ni maendeleo.

Tatizo ni nyumbu. Sefu ameitazama picha muda mrefu, akasema nyumbu anaowajua yeye wako porini Tunduru na hajasikia wamekubali kulima. Nikamwambia huyu ni nyumbu mwingine, mtoto wa punda na farasi. Akasema basi hata huyo hajazaliwa Songea. Tumeamua isukumwe kama toroli.

Ijumaa, 19 Januari

Imekamilika! Rangi ya kijani. Nimeijaribu uani juu ya mstari wa majivu. Majembe yamegusa futi, futi, futi, mara kumi na mbili kwa kumi na mbili. Sefu mwenyewe alipiga mluzi, na Sefu hasifii kitu.

Fausta ametoa sharti. Nikiharibu, shamba zima nitalipunguzia kwa mikono yangu, peke yangu, na mashine itarudi kuwa baiskeli. Sawa! Nimekubali huku nacheka.

Halafu nikagundua ameshaalika wanawake sita wa jumuiya waje kupunguzia pamba Jumamosi ya wiki ijayo, na ameloweka kimea cha pombe ya komoni ya kuwanywesha. Hii ni dharau kwa sayansi. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wote sita wasijisumbue. Fausta sijamwambia. Atafurahi mwenyewe siku ikifika.

Jumapili, 21 Januari

Tangazo! Nilimpa Katekista Beda karatasi nzima, maneno mazuri, habari ya miche, habari ya pamba, historia ya Marekani kidogo. Lakini leo kulikuwa na ndoa saba za kutangaza na Beda alikuwa amechoka. Akasoma: Jumamosi saa tatu, kwa Bartolomeo, Lilambo, upunguzaji kwa mashine mpya. Wanaohusika wote wafike.

Mfupi wa maneno yule! Hata hivyo kanisa lilinyamaza kimya. Hata watoto. Sijawahi kuona tangazo likisikilizwa namna ile. Rupert, benchi la mbele, aligeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Juni hakunipa pole.

Jumanne, 23 Januari

Mambo ni moto! Nimekwenda mjini, watu wananipisha njia. Muuguzi mmoja amenibebea kikapu. Mwalimu mkuu, mzee wa miaka hamsini na nane, ameniamkia shikamoo! Mimi! Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Dereva wa idara moja akaninong'oneza eti ni kweli mashine imetoka Dar? Nikamwambia hapana, Marekani. Akaegemea ukuta.

Jioni Rupert kaja na jogoo. Jogoo mzima, mwekundu! Akasema ana watoto watano, na kwamba tangu 1981 hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Nikashangaa watoto wake na pamba wapi na wapi. Lakini jogoo nimepokea. Hivi ndivyo mvumbuzi anavyoheshimiwa katika nchi zilizoendelea.

Jumamosi, 27 Januari

Nimechoka, mgongo hauna habari na mimi, lakini lazima niandike.

Saa mbili na nusu shamba limejaa. Watu arobaini na kitu! Suti, tai, viatu vimepigwa rangi. Kila mmoja ana bahasha ya kaki kwapani. Mashine nilikuwa nimeifunika kanga ya Fausta, na wote walikuwa wanaitazama ile kanga kwa woga. Nikashika pindo la kanga. Nikasema, Bartolomeo, leo ndiyo leo.

Rupert akasogea. Akaniita Mheshimiwa. Akaomba kujua, kama si siri, jina lake limo kwenye orodha ya kompyuta au halimo.

Orodha! Kompyuta! Yesu na Maria! Hapo ndipo nikaelewa. Wamedhani nimekabidhiwa kupunguza wafanyakazi. Bahasha zile ni vyeti na barua za ajira.

Nakiri hapa tu, kwenye daftari: nilijisikia vizuri mno. Nikamwambia Rupert asubiri kidogo, nitatazama. Akasema ndiyo, mzee. Nilitaka asubiri hadi mchana. Lakini nikaiona bahasha yake inatetemeka. Hivyohivyo mikono yangu ilivyotetemeka Juni, mstari wa pili wa ile barua. Nikashindwa. Nikavuta kanga, nikapaza sauti: Ni miche, jamani! Ni miche ya pamba tu!

Kikazuka kicheko, sijapata kusikia. Muuguzi akalia. Mlinzi wa shule akacheza ngoma ya lizombe na bahasha yake kichwani. Rupert akakaa chini, palepale, na suti yake.

Basi nikawaonyesha. Nikasukuma mstari wa kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, mbiombio, bila kutazama nyuma. Mashine haikukosea. Ilikata kila futi, kila futi, kila futi. Na kila futi ndipo lilipo shimo la Fausta. Ilipiga mashimo yote! Ikaacha vizuri sana nafasi za katikati, ambazo hazina kitu. Nilipogeuka, mstari mzima ulikuwa udongo mtupu. Kumbe yule mzungu alimwaga mbegu mfululizo kama anamwaga chumvi. Kitabu kingesema! Labda kilisema. Ukurasa wa 60 umeliwa na mchwa.

Fausta alikuwa amesimama na kata ya komoni mkononi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu wale wanawake sita wako wapi. Nikamweleza. Akaitazama ekari yake, akanitazama mimi, na macho yake yakajaa machozi. Akasema shule ya Leticia ndiyo ile, nimeshaipiga jembe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ni Rupert aliyevua koti. Alisema amepona leo, hawezi kurudi nyumbani bila kufanya kitu. Akaingia kwenye mstari wa pili na tai yake shingoni, akaanza kung'oa, miwili ikibaki, mitatu ikitoka. Mwalimu mkuu akamfuata. Kisha wote! Furaha yao yote ikamalizikia kwenye pamba yetu. Saa sita ekari nzima ilikuwa imepunguziwa, na Fausta alikuwa amerudishia mbegu kwenye mstari wangu, shimo kwa shimo. Komoni ikanyweka mpaka pipa likalazwa. Sefu, kwa kuwa amefunga Ramadhani, alilala kivulini akisubiri magharibi.

Ijumaa, 2 Februari

Rupert kaletewa barua jana. Mistari mitatu. Jina lake nalo wamelikosea, wameandika Robert.

Alikuja asubuhi, akakaa, akanipa niisome. Nikataka kumwambia pole, nikakumbuka pole zake zinavyochoma. Nikamwambia badala yake kwamba nahitaji mshirika. Akainua kichwa. Akauliza kazi gani. Jogoo wake alikuwa bado anatembea uani, nikamwambia kwanza amchukue.

Kazi yenyewe ni hii! Nimefikiri wiki nzima. Mashine ile haina kosa, kosa ni la mashimo. Chombo kinachogusa ardhi kila futi bila kukosea, hicho si cha kukata, ni cha kupandia! Tutaondoa majembe, tutaweka makopo ya mbegu, na sharti la baiskeli litasubiri. Maharage ya Machi yatapandwa nasi. Watu arobaini walikuja kwa ajili ya mashine ya kwanza. Hii ya pili watajaza barabara.

Tangazo la Beda safari hii nimelifupisha mwenyewe, asipate la kuchezea. Neno lake nimelitafuta kwa makini. Mimi sipandi, mashine ndiyo inayopanda, mimi naipandisha. Nimeandika: Jumamosi saa tatu, kwa Bartolomeo na Rupert, upandishaji kwa mashine mpya. Wote wanaotaka wafike. Rupert amesoma mara mbili, akasema ni lugha ya kiofisi kabisa, ofisini neno hilo wote wanalipenda.

Nikampelekea Fausta. Akasoma. Akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa kanga. Nikamuuliza kama nibadilishe neno. Akasema nisiguse hata herufi moja, nimpelekee Beda hivyohivyo. Sasa hivi yuko jikoni analoweka kimea, mapipa mawili safari hii. Anasema palizi ya pamba imekaribia.