Kiti Chenye Mikono cha Fanueli wa Lushoto

Sogeeni, enyi mnaokula kabichi huko tambarare bila kuuliza imeshukaje mlimani. Sogeeni nanyi makarani mlioketi, na madereva mnaongoja vipuri, na akina mama wenye vikapu vizito. Wekeni chini mlichoshika, kwa maana leo anasimuliwa Fanueli, Fanueli wa Yadi ya Juu, mshika ufunguo wa lango na kopo la grisi, bwana wa magari manne, ambaye katika siku moja ya gulio alipambana na mlima na mkoa mzima wa Tanga, akateka cheo ambacho babu zake hawakukiota kwa sababu hakikuwapo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na baadhi ya ndugu walikuwa na viti vizuri zaidi. Fanueli alikuwa msimamizi wa magari ya Shirika la Mazao mjini Lushoto. Yeye ndiye aliyepeleka malori Mponde kuchukua chai na kuyateremsha Mombo yakiwa na viazi. Yeye ndiye aliyelala nayo topeni masika yalipomeza barabara. Yeye ndiye aliyejua ni gari lipi linapanda kona za Soni kwa kubembelezwa na lipi kwa kutukanwa. Na kwa kazi hiyo yote alikaa kwenye stuli ya mninga isiyo na mgongo, akapokea mshahara wa daraja la tatu.

Mtu mwenye akili zake angedhani kwamba mshahara wa msimamizi wa magari hupimwa kwa mlima, au kwa tope, au kwa matairi aliyookoa na madereva aliowazika. Shirika halikuwa na mizani ya mambo hayo. Lilipima kwanza idadi ya magari: manne ni daraja la tatu, matano ni daraja la pili. Baada ya hapo lilipima cheti kilichotundikwa ukutani, na baada ya cheti likatazama ni nani anayesalimiana na nani kule Tanga. Ndiyo maana Kristofa, msimamizi wa Muheza, ambako barabara imelala kama mkeka na machungwa yanajipakia yenyewe, alikuwa daraja la pili tangu zamani, na alipopanda Lushoto kusalimia alitazama stuli ya Fanueli, akasema kwa upole unaouma kuliko matusi, "Ndugu yangu, mgongo hauchoki?"

Maana daraja la pili lilikuja na kiti chenye mikono. Ile nyongeza ya fedha, ikishakatwa michango yote ya hiari iliyokuwa ya lazima, ingebaki sukari na kiberiti. Lakini kiti kilikuwa kiti. Fanueli alikuwa amekwisha kukiota; ndotoni aliweka kiwiko hiki hapa, na kiwiko kile pale, na Kristofa alikuwa amesimama mlangoni.

Gari la tano lilikuwapo. Jina lake Simba wa Soni, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya paji lake la uso, lori lenye mabega mapana lililokuwa likinguruma zamani hadi madirisha ya kanisa yakatetemeka. Sasa Simba alisimama kwenye kona ya yadi akiwa na matairi mazima, usukani mzima, breki zinazosikia zikipenda, na mahali pa injini akiwa na hewa. Injini ilipelekwa karakana ya Tanga kutengenezwa, na karakana ikaipenda, ikakaa nayo. Mara tatu Fanueli aliiulizia, na mara tatu aliambiwa inashughulikiwa.

Na kwa kuwa Simba alikuwa bubu, kabichi za soko la Lushoto zilioza. Magari manne hayakutosha. Kila gulio, Raheli, muuza kabichi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, alipanda yadini kuwarushia mbuzi wa mlinzi zile zilizolala, akisema, "Haya, kuleni, nyie ndio wateja wa Shirika."

Ndipo ikaja habari kwamba Ndugu Darweshi, mkaguzi kutoka Tanga, anapanda kuhesabu magari. Huyu Darweshi alikuwa amechoka kudanganywa na mabati yaliyopakwa rangi. Basi aliweka sheria yake: gari linalohesabika ni lile litakalombeba yeye mwenyewe, kwa magurudumu yake lenyewe, kutoka yadini mpaka sokoni. Lisilombeba si gari, ni banda.

Fanueli akakata tamaa. Akaketi juu ya stuli, akamega mkate, na tunda la plamu likamponyoka mkononi. Likaanguka, likaviringika hadi mlangoni, likavuka kizingiti, likapita yadi, likapita lango, likashika barabara ya sokoni bila kuomba mafuta kwa mtu. Fanueli akasimama. Wako watu wengi katika vitabu vitakatifu waliofunuliwa kwa moto na kwa ndoto. Yeye alifunuliwa kwa plamu. Yadi ilikuwa juu. Soko lilikuwa chini. Na mlima, ule mlima uliomlia matairi na ujana bila kumwongezea senti, ulikuwa umeamua hatimaye kumlipa.

Akamwendea Tobia, dereva mkongwe kuliko wote.

"Shikamoo, mzee Tobia."

"Marahaba, mgoshi. Uso huo ni wa mtu aliyeiba au anayekwenda kuiba?" akauliza Tobia, akimwita bwana kwa Kisambaa.

"Unaweza kumteremsha Simba mpaka sokoni bila injini?"

Tobia akatafuna jibu kidogo. "Kuteremka hata jiwe linaweza. Mimi kazi yangu itakuwa kusimama."

"Utasimama?"

"Sokoni kuna magunia ya viazi. Yatanisaidia."

Likabaki jambo la kelele, kwa maana gari lisilonguruma hata mtu wa Tanga hulishuku. Fanueli akawaendea vijana wa tarumbeta wa Kilutheri, akawaomba wapande nyuma ya lori wampokee mgeni kwa heshima, na wasipumue mpaka sokoni.

Siku ikafika. Darweshi akaingia yadini na Landrova, na juu ya paa la Landrova, kimefungwa kwa kamba ya katani, kilikuwapo kiti. Mbao zake zilimetameta. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele kama ya mtu anayempokea mwanawe aliyepotea. Fanueli alipokiona, salamu aliyoiandaa kwa siku nyingi ikatoka nusu.

Kabla ya kukagua, Darweshi alihutubia madereva. Akasema nchi haina mafuta ya kuchezea. Akasema tusingoje vya kuletewa. Akasema, na hapo akapiga ngumi hewani, kwamba injini ya taifa hili ni nguvu za wananchi. Watu wakapiga makofi. Fanueli akayaweka maneno hayo mahali salama, kama askari awekavyo risasi ya mwisho.

Magari manne yakambeba mkaguzi, yakaenda na kurudi, kisha yakateremka Mombo na viazi. Zamu ya Simba ikafika. Darweshi akapanda kabini, Fanueli kando yake, Tobia kwenye usukani akiwa amevaa kofia ya Jumapili. Tarumbeta zikalipuka. Tobia akaachia breki ya mkono, na Simba wa Soni, aliyekufa akiwa amesimama, akasogea.

Mwanzo alikwenda kama mzee aendaye ibadani. Kisha mteremko ukamshika. Wakapita shule, wakapita posta. Mbuzi wakatawanyika, mwendesha baiskeli akachagua mtaro. Upepo ukaingia kabini ukiwa na harufu ya mikaratusi, na nyuma wapiga tarumbeta, wakiwa wamekumbatiana kwa miguu, walipuliza wimbo wa sifa ambao sasa ulikuwa maombi. Tobia alikanyaga breki kwa miguu yote miwili na uso wa mtu anayesikiliza habari za mbali.

"Injini hii haina kelele kabisa," alisema Darweshi.

"Ni ya kizamani, Ndugu," alijibu Fanueli. "Ina adabu."

Simba akaingia sokoni, akapanda magunia ya viazi, akatulia. Hakuna aliyeumia ila viazi. Darweshi akasimama juu ya ngazi ya kabini, akaweka kofia sawa, na mbele ya soko zima akatangaza kwamba amelihesabu gari la tano la Lushoto, na kwamba Ndugu Fanueli tangu leo ni daraja la pili. Soko likapiga makofi, ingawa hakukuwa na mtu hapo asiyejua Simba amekosa nini.

Kisha mkaguzi akageuka, akasema maneno mepesi ambayo shujaa wetu, aliyefikiria kuteremka tu, hakuyaweka katika mpango wake: "Haya, nirudisheni juu. Landrova nimeiacha yadini."

Hapakuwa na plamu ya kupandia mlima. Tobia akashuka, akaanza kukifuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Darweshi akatazama huyu, akatazama yule, kisha akaenda mbele ya lori, akafungua boneti.

Ndani, juu ya nyasi zilizopangwa vizuri, palikuwa na kuku mwekundu akiatamia. Alikuwa ameteremka mlima wote bila kuyaacha mayai yake. Alimtazama mkaguzi wa mkoa kwa jicho moja, akaona hafai kutazamwa kwa mawili.

Darweshi akafunga boneti polepole. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe, Ndugu, na kuku," alisema Fanueli, naye akainua kifua, akanena kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka. "Ndugu Darweshi, wewe mtu wa mikutano na mihuri, nisikilize kabla hujanihukumu. Injini ya lori hili imo Tanga, hatua chache kutoka dirisha la ofisi yako. Mimi sikuipoteza; niliikabidhi. Na asubuhi umetufundisha kwamba injini ya taifa ni nguvu za wananchi. Wananchi hawa hapa. Ukisema hili si gari, basi hotuba ile si hotuba."

Mambo mawili yalimzuia Darweshi kukasirika. Kwanza alikuwa amekwisha kutangaza. La pili hakulisema, lakini Fanueli, bingwa wa madaraja, alilisoma usoni kwake: mshahara wa mkaguzi nao ulipimwa kwa magari ya mkoa mzima, na Simba wa Soni, akiwa na injini au na kuku, alikuwa ni gari moja zaidi.

"Nguvu za wananchi," alisema Darweshi hatimaye, akapanda kabini, "ni injini pia."

Basi akina mama wa gulio wakaitwa, na Raheli mbele yao. Wakaweka mabega, wakaanza wimbo, na lori likapanda likiwa limebeba mkaguzi, msimamizi na tarumbeta zilizochoka. Jua lilikuwa utosini. Wakafika kwenye kona kali chini ya shule, nusu ya safari. Hapo wimbo ukakatika. Fanueli akasikia mawe yakiwekwa nyuma ya magurudumu, moja, jingine, na jingine tena.

Raheli akaja dirishani, jasho likimtiririka, akatoa salamu ya mchana ya Kisambaa.

"Onga mshi, mgoshi Fanueli. Shikamoo, mgeni. Nina swali dogo. Yule mwenye magari matano ni daraja la pili. Sisi tunaoyasukuma ni daraja la ngapi?"

"Mama Raheli," alisema Fanueli, "jambo hili ni la kiofisi."

"Basi ofisi ipande kwa miguu. Lori hili ni zito, mwanangu, na kuku aliyemo ndani ni wangu. Wiki nzima namtafuta, na nyie mnamlipia cheo."

Akina mama wakacheka. Darweshi akatazama chini kupitia dirisha, akaona jinsi bonde lilivyo refu na jinsi mawe yalivyo madogo.

"Mnataka nyongeza?" aliuliza. "Fedha hakuna."

"Nani kataja fedha? Tunataka injini. Ikirudi Simba atashuka na kabichi zetu, na nyie mtahesabiana mpaka mchoke."

"Italetwa," alisema Darweshi. "Inashughulikiwa."

Neno hilo lilipotoka, hata Fanueli aliona aibu. Raheli hakugombana nalo. Alilipangusa kama inzi. "Mwaka jana pia ilishughulikiwa. Tupeni kitu cha kushika mpaka ije. Kile kiti kilicho juu ya Landrova."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, na uwanja wake ulikuwa kifua cha mtu mmoja. Fanueli alikiona kiti. Akaona kiwiko hiki hapa na kiwiko kile pale. Akamwona Kristofa mlangoni. Kisha, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, akanusa mikono ya Raheli iliyoshika mlango, na ilinuka kabichi iliyooza, harufu ambayo kwa miaka miwili alikuwa akiiandika kwenye taarifa kama hasara ndogo ya kawaida.

"Kichukueni," alisema. Sauti yake ilitoka kavu, na hapakuwa na tarumbeta ya kuifunika.

Mawe yakaondolewa. Simba akapanda mpaka yadini, na pale kamba ya katani ikakatwa, na kiti chenye mikono kikashuka sokoni juu ya kichwa cha mwanamke.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wenye kuandika historia waiandike vizuri: kwamba Fanueli wa Yadi ya Juu aliupata mshahara wa daraja la pili, akanunua sukari na kiberiti, kwamba Ndugu Darweshi naye alipandishwa, akapewa kiti kinachozunguka, na kwamba Raheli anauza kabichi akiwa ameketi katikati ya gulio, kiwiko hiki hapa na kiwiko kile pale, vifaranga wekundu wakichokora miguuni pake. Fanueli akipita asubuhi, Raheli hainuki. Huuliza neno moja tu.

"Injini?"

Naye Fanueli, mshindi wa mlima, wa kwanza katika nchi nzima kushika cheo hicho akiwa juu ya stuli, huvua kofia, hujibu, "Bado, mama," na siku hiyohiyo huandika barua nyingine kwenda Tanga, akiiandika amesimama.