Kabureta ya Gari ya Maiti Imeniumbua kwa Wakwe

Watu wangu, leo nimeaibika mpaka kivuli yangu imekataa kutembea na mimi. Wacha niwaambie mwenyewe kabla mwone video, juu shangazi yangu alikuwa anarekodi.

Leo nilikuwa napeleka mahari kwa kina Njeri. Ni mimi naoa, si kusindikiza mtu! Nikajigamba ati wazee watabebwa na gari yangu, ile ya zamani ya kuvuta na magurudumu zote nne. (Imenizidi miaka, na inajua.)

Saa moja asubuhi ikakataa kuwaka. Kabureta, ile huchanganya petroli na hewa, imepasuka. Nikakimbia kwa Maina, yule huuza spea za magari kuukuu hapo Karatina nyuma ya soko.

Maina akanitolea tatu. Ya kwanza mpya, inang'aa, lakini mashimo za bolti zikakataa kulingana na injini yangu. Ya pili ilikuwa kubwa kama sufuria ya harusi, hiyo ingemaliza petroli ya Kenya nzima kabla tufike. Ya tatu ilikuwa imekaa peke yake kwa gunia. Nyeusi. Nikaishika, baridi ikapanda mkono mpaka kwa bega.

"Hii ilitoka gari gani?"

Maina akaangalia kando. "Gari kama yako. Injini ni ile ile."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa inabeba maiti huko juu karibu na msitu. Lakini haikuwahi kuzimika njiani hata siku moja."

Kwa upande nikaona shimo imezibwa na bolti. Nikauliza hapo kulikuwa na nini.

"Kitu kidogo tu. Wewe unataka kabureta ama unataka hadithi? Wakwe wanangoja!"

Akaifunga kwa injini. Gari ikawaka mara moja, sauti laini, kama mtu anaimba na mdomo amefunga.

Nikabeba wazee watatu, Baba Mkubwa akiwa mbele na mimi, na kondoo dume moja huko nyuma. Kina mama wakafuata na gari ingine. Kosa yangu ni kuwaambia kabureta imetoka wapi.

"Kitu ya marehemu haiendangi kuoa," Baba Mkubwa akasema.

Tukapanda. Ukungu ikashuka mpaka sikuona bonneti yangu mwenyewe. Tulipopita mochari, usukani ikavuta kushoto, upande wa mochari kabisa! (Sawa, imekuwa ikivuta kushoto tangu niinunue, lakini leo ilivuta na nia.) Kondoo ikaacha kutafuna. Ikanitolea macho kwa kioo, haipepesi. Tena kukawa na harufu ya maua, na hakuna mtu alikuwa na maua.

Sasa kuna kitu lazima mjue. Mama Njeri alisema binti yake hawezi olewa na mtu hajaokoka. Mimi nikamwambia nimeokoka zamani. Tena nikaongeza ati mimi ndio huongoza maombi ya usiku. (Usiku huwa niko. Maombi ndio huwa hakuna.) Njia nzima nilikuwa nawaza: marehemu huona yote.

Tukafika. Geti imefungwa, vile desturi inataka. Kina mama wetu wanasimama nje wanaimba, wa ndani wanajibu, ndio mfunguliwe. Nikazima gari waimbe vizuri. Nikatoa funguo.

Gari haikuzima.

Nikaangalia mkono. Funguo iko hapa. Injini nayo: ngu... ngu... ngu-ngu... kama mzee anakohoa ndani ya sanduku. Bonneti inatetemeka. Baba Mkubwa akatoka nje kupitia dirisha, na mlango ilikuwa wazi!

Kina mama wakanyamaza katikati ya wimbo. Huko ndani pia kimya. Dunia nzima hakuna sauti, ni hiyo tu kwa ukungu: ngu... ngu...

Nikaanguka magoti kwa matope, suti na yote.

"Marehemu, nisamehe! Nitakurudishia kitu yako! Ni kweli nilidanganya! Sijaokoka! Hayo maombi ya usiku hata sijui hufanyiwa wapi! Jumamosi nilikunywa mpaka nikarudishwa nyumbani na mkokoteni!"

(Hakuna mtu alikuwa ameuliza mambo ya mkokoteni.)

Geti ikafunguka polepole. Kriiii. Akatoka Baba Njeri, mtu ameendesha lori ya mbao maisha yake yote. Akanipita kama anapita jiwe. Akaingia kwa gari, akakanyaga breki, akaweka gia ya nne, akaachilia klachi. Gari ikaruka mara moja, ikanyamaza.

"Si marehemu," akasema. "Hapa kunakuwanga na valvu ndogo ya kukata mafuta ukizima. Yako ilitolewa, wakaziba na bolti. Injini ikiwa moto inaendelea kunguruma yenyewe." Akapanguza mikono. "Hiyo nimemaliza. Hiyo ingine ongea na mama."

Mama Njeri alikuwa amesimama kwa geti. Njeri nyuma yake amefunika uso na leso, mabega zinatingika. Sijui ni kilio ama ni kicheko.

"Kwa hivyo Jumamosi ulikuwa kwa mkokoteni."

"Ndio, mama."

"Na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapa, nakuombea nguvu ya kukesha."

Baba Mkubwa akajaribu kuniokoa. "Mama Njeri, si angalau ameungama?"

"Ameungama. Kwa gari."

Wazee wakaingia. Kina mama wakaingia. Hata kondoo ikakaribishwa, ikapewa maji! Mimi nimeambiwa nibaki hapa nje mpaka pasta aletwe aniokoe, mara hii ya ukweli, la sivyo hakuna harusi.

Kwa hivyo naandika hii nikiwa kwa matope, siwezi kuingia kwa hiyo gari tena. Tafadhali msicheke. Kuna mtu anakuja polepole kwa ukungu, na naomba sana awe ni pasta.