Malimi Alivyoizingira Meza ya Sato

Siku ile Malimi alikuwa mjinga, na mwenyewe hakatai. Lakini sogeeni, enyi watu wa Mkolani na viunga vyake, enyi mnaokamua dawa ya mswaki mpaka mrija unaomba radhi, msikie jinsi mtu mmoja alivyoizingira meza ya samaki tangu jua kali la alasiri, akaiangusha bei kabla jua lenyewe halijaangukia ziwani.

Kwanza kijueni chanzo cha vita. Malimi mwana wa Ndalahwa, Simba wa Mfuko Mtupu, alikuwa amenunua spika kubwa kama kabati, ikatikisa mabati ya majirani huku sufuria za nyumbani kwake zikinyamaza. Mkewe Teodora akamlisha mboga ya mlenda kila siku mpaka akauota, naye akatubu, akaapa kwamba hakuna shilingi itakayotoka tena mfukoni mwake bila kupigana. Sasa mama mkwe alikuwa njiani kutoka Misungwi, na Teodora akamtuma sato wawili, mmoja wa mama na mmoja wa nyumba.

"Mama akila mlenda kwangu, Misungwi nzima itajua," alisema. "Nunua, urudi mapema. Usianze mambo yako."

Akayaanza.

Pale sokoni Nyegezi, juu ya meza ya Mboni, Malkia wa Magamba, sato walilala safu kwa safu waking'aa kama ngao. Malimi akafunua mashavu ya mmoja, akayaona mekundu, na moyo ukamwambia lipa. Lakini shujaa alikuwa na siri ya kivita: Mboni hakuwa na barafu, na jioni ingempigisha magoti.

"Ewe Mboni," akanena, kifua mbele, "teremsha bei hii kwa hiari, maana mimi si yule wa zamani aliyelipa kabla ya kuuliza."

"Huyo wa zamani tulimpenda sana, kaka," Mboni akajibu, akipunga nzi kwa kipande cha boksi. "Bei ni hiyo. Kusimama ni bure."

Basi akasimama. Jua likampiga utosini, nzi wakamshambulia ubavuni, harufu ya vibanzi vya jirani ikamjia kama mjumbe mwenye hongo, hakutikisika. Akaja mama mmoja wa kwaya, akabeba sato watatu bila hata kuuliza. Akaja dereva wa bajaji, akabeba wanene. Na kila samaki alipoondoka, Malimi alichekelea moyoni kama jemadari aonaye safu za adui zikipukutika, asijue kwamba kinachopukutika ni chakula chake cha usiku.

Giza lilipokaribia, alibaki sato mmoja, mwembamba, mwenye uso wa kukata tamaa.

"Haya, mchukue kwa nusu," Mboni akasema. "Nataka kuosha meza."

Nusu! Shujaa akamtia kamba, akarudi Mkolani kwa miguu, samaki akining'inia mkononi kama bendera iliyotekwa.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, amekaa ndani. Malimi, kwa adabu ya ukwe, hakumkabili. Akasimama nyuma ya ukuta wa jiko na kuinua sauti ili historia imsikie.

"Mbona mmoja?" Teodora akauliza. "Mimi nilikutuma wawili."

"Wawili ni idadi tu, mke wangu. Mimi nimekuletea ushindi. Wengine wote walilipa bei kamili, wakaondoka na aibu yao. Mimi nimeokoa nusu nzima, na wajukuu wetu watasimuliwa kwamba—"

"Teodora," ikatoka sauti ya mama mkwe ndani, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Mwambie mkwe wangu samaki nimemwona, nashukuru. Yeye mkaangie hiyo nusu aliyookoa."